Darubini mbele ya bunduki: Kwa nini baadhi ya wawindaji huisogeza mbali na jicho?

Wawindaji wenye leseni wanaoingia katika mapori ya Tanzania kila msimu huja na bunduki zilizofungwa darubini. Nyingi ya darubini hizo hukaa karibu na jicho, juu ya chumba cha risasi. Chache huonekana zimesogezwa mbele, juu ya mtutu, kana kwamba fundi aliyezifunga alikosea kipimo. Fundi huyo hakukosea. Mpangilio huo umetokana na hoja iliyopata umbo lake nchini Marekani zaidi ya miaka 40 iliyopita, nayo ingali ikijadiliwa: ni lipi linalomfaa zaidi mwindaji, kumwona mnyama kwa ukubwa na ukaribu, au kuona yote yanayotokea pembeni yake?

Kwa mtu asiyewinda, swali hilo laweza kuonekana dogo. Porini, jibu lake huamua mambo mazito. Risasi iliyopotoka kidogo humwacha mnyama na jeraha, akaenda kufa polepole mahali pasipojulikana. Nyati aliyejeruhiwa ni hatari kwa kila mtu aliye karibu. Tena mwindaji hatembei peke yake: mbele yake au kando yake yuko mfuatilia nyayo, yuko askari wa wanyamapori, na mara nyingi wako wabeba mizigo. Mtu anayelenga bila kuwaona hao anaweza kufanya kosa lisilorekebishika.

Darubini na umbali wa jicho

Bunduki isiyo na darubini hulengwa kwa vilengeo vya chuma: kimoja kiko nyuma na kingine kwenye ncha ya mtutu. Mpigaji hulazimika kupanga vitu vitatu katika mstari mmoja, yaani kilengeo cha nyuma, kilengeo cha mbele na mnyama. Tatizo ni kwamba jicho la binadamu haliwezi kuona vitu vitatu vilivyo katika umbali tofauti vyote kwa uwazi uleule. Likikaza kilengeo cha mbele, mnyama hufifia. Likimkaza mnyama, kilengeo hufifia. Kadiri umri unavyosonga, kazi hiyo huzidi kuwa ngumu.

Darubini huondoa mgogoro huo. Lenzi zake huleta taswira ya mnyama na msalaba wa kulengea mahali pamoja, na jicho huvitazama vyote viwili kama vilivyochorwa kwenye karatasi moja. Zaidi ya hapo, hukuza. Darubini yenye ukuzaji wa mara 2.5 humwonyesha mnyama aliye umbali wa mita 100 kana kwamba yuko mita 40.

Hata hivyo, darubini ina sharti lake. Jicho lazima liwe katika umbali maalumu kutoka lenzi ya nyuma, ama sivyo taswira huzingirwa na kivuli cheusi au hutoweka kabisa. Kwa darubini za kawaida za kuwindia, umbali huo ni kati ya sentimita 8 na 10 hivi. Darubini za kufungwa mbele hutengenezwa kwa lenzi zilizopangwa namna nyingine, ili jicho lione sawasawa kutoka sentimita 23 hadi 30 hivi. Kwa sababu hiyo haiwezekani kuchukua darubini ya kawaida na kuisogeza tu mbele. Mwindaji akifanya hivyo ataona kitundu kidogo cha mwanga na hakuna zaidi.

Umbali wa jicho una maana nyingine pia. Kila bunduki hupiga teke inapofyatuliwa, na bunduki za wanyama wakubwa hupiga teke zito. Mpigaji aliyesogeza uso mbele kupita kiasi, hasa anapopiga akielekeza mtutu juu mlimani au akiwa amelala kifudifudi, hupigwa na ukingo wa darubini juu ya nyusi. Jeraha lake huwa na umbo la mwezi mwandamo, na wawindaji wengi hubaki na kovu hilo maisha yao yote. Darubini iliyo sentimita 25 mbele ya uso haiwezi kumfikia.

Wazo lililozaliwa Arizona

Jina linalohusishwa zaidi na mpangilio huu ni la Jeff Cooper, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1920 na kufariki mwaka 2006. Cooper alikuwa afisa wa kikosi cha wanamaji wa nchi kavu cha Marekani, alihudumu katika Vita vya Pili vya Dunia, na mwaka 1976 alianzisha shule ya ulengaji shabaha mahali panapoitwa Gunsite, karibu na mji mdogo wa Paulden katika jimbo la Arizona. Aliandika sana juu ya silaha ndogo, na alikuwa mwindaji aliyefika mara kadhaa barani Afrika.

Mwaka 1983, Cooper aliwakusanya Gunsite mafundi wa bunduki, waandishi na walengaji shabaha wajadili swali moja: kama mtu angeruhusiwa kuwa na bunduki moja tu kwa kazi zote, bunduki hiyo ingekuwaje? Mkutano mwingine ulifuata mwaka 1984. Kutokana na majadiliano hayo zilipatikana sifa za bunduki aliyoiita ya skauti.

Neno skauti hapo halihusu chama cha vijana wenye skafu shingoni. Linarejea maana yake ya zamani: mpelelezi wa porini anayetembea peke yake au na wenzake wachache, mbali na msaada, akitegemea macho, miguu na akili yake. Mtu wa aina hiyo hakai mahali pamoja akisubiri. Hutembea kutwa nzima, na nafasi ya kupiga risasi humjia ghafla.

Sifa zilizokubaliwa zilifuata maisha hayo. Bunduki iwe nyepesi, uzito wake uwe karibu na kilo 3 na usizidi kilo 3.5 pamoja na darubini. Urefu wake usizidi mita 1. Risasi yake iwe ya kaliba ya .308 Winchester, ambayo hupatikana katika nchi nyingi na huwatosha wanyama wa ukubwa wa kati. Iweze kuweka risasi tatu ndani ya duara la takriban sentimita 10 katika umbali wa karibu mita 180. Iwe na vilengeo vya chuma vya akiba, endapo darubini itavunjika. Na darubini yenyewe iwe ya ukuzaji mdogo, kati ya mara 2 na 3, ikiwa imefungwa mbele ya chumba cha risasi.

Kati ya sifa zote hizo, hiyo ya mwisho ndiyo iliyowashangaza watu wengi zaidi, na ndiyo inayobishaniwa hadi leo.

Haikuwa mara ya kwanza

Wazo la kuweka darubini mbele lilikuwepo kabla ya Cooper. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, jeshi la Ujerumani lilitumia darubini ndogo iliyoitwa ZF41, yenye ukuzaji wa mara 1.5, iliyofungwa juu ya kilengeo cha nyuma cha bunduki ya Karabiner 98k. Ilikusudiwa kumsaidia askari mwenye shabaha nzuri kuliko wenzake, na haikuwa mbadala kamili wa darubini za walenga shabaha waliobobea. Wadunguzi walioipata hawakuipenda, kwa kuwa uwanja wake ulikuwa finyu na mwanga wake hafifu. Malalamiko hayo, kama itakavyoonekana, hayakuisha pamoja na vita.

Kulikuwa pia na sababu za kifundi. Baadhi ya bunduki hutema maganda ya risasi kwa juu. Mfano unaojulikana ni Winchester ya mwaka 1894, bunduki ya mkono wa kuvuta iliyowahi kupendwa sana na wawindaji wa Marekani. Darubini ikikaa juu ya chumba cha risasi cha bunduki ya aina hiyo, ganda huigonga badala ya kuruka nje. Kuisogeza mbele kulikuwa njia rahisi ya kutatua tatizo hilo.

Cooper alichokifanya ni kuigeuza njia hiyo ya mafundi kuwa hoja kamili. Alisema kwamba hata pale ambapo hakuna kizuizi chochote cha kifundi, darubini ya mbele ina manufaa yanayomfaa mtu anayewinda kwa miguu.

Hoja za wanaoitetea

Hoja ya kwanza ni ya macho. Darubini iliyo karibu na uso hufunika sehemu kubwa ya kile ambacho jicho la kulengea lingekiona. Ikisogezwa mbele, bomba lake huonekana dogo, na ulimwengu unaolizunguka hubaki wazi. Mwindaji aliyefumbua macho yote mawili humwona mnyama kwenye msalaba na, kwa wakati huohuo, huona kichaka kilicho kushoto, mnyama wa pili anayeibuka kulia, na mfuatilia nyayo anayepiga hatua kuelekea mstari wa risasi.

Hoja ya pili ni kasi. Mpigaji huanza kwa kumkazia mnyama macho, kisha huipandisha bunduki begani bila kuyahamisha macho hayo. Darubini ndogo iliyo mbele huingia katika mstari wa kuona, na msalaba hutua juu ya mnyama. Kwa mtu aliyefanya mazoezi, jambo hilo huchukua muda mfupi sana. Kwenye vichaka vinene ambako mnyama huonekana kwa sekunde mbili au tatu kisha akatoweka, muda huo mfupi ndio nafasi pekee atakayoipata.

Hoja ya tatu ni kwamba sehemu ya juu ya bunduki hubaki huru. Komeo huvutwa bila kugusa darubini. Risasi huweza kuingizwa kwa juu, ama moja moja au kwa klipu, kama zilivyojazwa bunduki nyingi za kijeshi za zamani. Ganda lililokwama huonekana na kuondolewa kwa vidole. Tena bunduki huweza kushikwa kwa mkono mmoja mahali pake pa mizani, karibu na chumba cha risasi, jambo ambalo aliyetembea kilomita 20 juani na bunduki mkononi hahitaji kuelezwa thamani yake.

Hoja ya nne ni usalama wa uso, ambao umekwisha kuelezwa. Na ya tano ni kwamba darubini ya mbele, kwa kuwa haipaswi kukwepa komeo, huweza kufungwa chini zaidi, karibu na mtutu. Shavu la mpigaji hukaa vizuri juu ya kitako, na bunduki hutulia.

Gharama yake

Kila faida kati ya hizo ina bei, na wapinzani wa mpangilio huu hawajawahi kukosa la kusema.

Bei ya kwanza ni upana wa uwanja unaoonekana ndani ya darubini. Mtu anayechungulia uani kupitia tundu la ufunguo huona mengi akiweka jicho karibu kabisa na tundu. Akirudi nyuma hatua moja, huona kipande kidogo tu. Ndivyo ilivyo kwa lenzi. Darubini ya kawaida yenye ukuzaji wa mara 2.5 huweza kuonyesha uwanja wa mita 12 au 13 katika umbali wa mita 100. Ile ya mbele, yenye ukuzaji uleule, huonyesha takriban mita 7. Mtetezi atajibu kwamba jicho la pili linaona yaliyobaki, na hilo ni kweli. Lakini jicho hilo linaona bila kukuza, na mnyama anayekimbia akitoka kwenye duara dogo si rahisi kumrudisha ndani yake.

Kwa sababu hiyohiyo, darubini ya mbele haiwezi kukuza sana. Ukuzaji ukipanda, uwanja huzidi kubana hadi mpigaji ashindwe kumpata mnyama kabisa. Anayewinda kwenye nyika wazi au kutoka upande mmoja wa bonde hadi mwingine, ambako anahitaji kupambanua pembe za palahala dume aliye mita 250, hatosheki na ukuzaji wa mara 2.5.

Bei ya pili ni mwanga, na hapa hutokea kosa la kawaida la kudhani kwamba darubini hizi huingiza mwanga kidogo. Hesabu yenyewe haisemi hivyo. Upana wa lenzi ya mbele ukigawanywa kwa ukuzaji, hupatikana upana wa mwale unaolifikia jicho. Lenzi ya milimita 28 na ukuzaji wa mara 2.5 hutoa mwale wa milimita 11 hivi, ilhali mboni ya jicho la mtu mzima, hata gizani, kwa kawaida haipanuki kupita milimita 7. Mwanga unaofika ni wa kutosha. Tatizo liko kwingine.

Darubini ya kawaida hukingwa na kichwa cha mwindaji mwenyewe: uso wake uko karibu na lenzi ya nyuma, na kivuli chake huifunika. Darubini iliyo mbele haina kinga hiyo. Jua likiwa chini angani nyuma ya mwindaji, miale yake hupita juu ya bega na kuipiga lenzi ya nyuma moja kwa moja. Lenzi hung'aa, taswira hufifia, na mnyama huyeyuka katika weupe. Hali hiyo hutokea hasa alfajiri na jioni, saa zilezile ambazo wanyama hutoka kulisha. Pamoja na hayo, taswira ndogo iliyo mbali ni vigumu kuisoma katika giza la kivulini kuliko taswira pana inayolijaza jicho.

Bei ya tatu ni ufungaji wake. Darubini inayofungwa juu ya mtutu huhitaji reli iliyokazwa kwa uangalifu, kwa kuwa mtutu hutikisika na kupata joto. Kwa mwindaji anayepiga risasi moja au mbili kwa siku, joto si tatizo kubwa. Skrubu iliyolegea ni tatizo kubwa sana. Uzito nao huhamia mbele, na baadhi ya watu huona bunduki imekuwa nzito puani.

Kutoka kwa fundi hadi dukani

Kwa miaka mingi bunduki za skauti zilikuwa kazi ya mafundi wachache. Cooper mwenyewe alianza kwa kubadilisha bunduki fupi ya Remington modeli 600. Mabadiliko makubwa yalikuja mwishoni mwa miaka ya 1990, pale kampuni ya Steyr Mannlicher ya Austria ilipotoa bunduki iliyoundwa kwa ushauri wake na kupewa jina la Steyr Scout. Ilikuwa na kitako cha plastiki ngumu chenye miguu miwili ya kuegemeza iliyofichwa ndani yake, nafasi ya kuhifadhi magazini ya pili, na reli ndefu juu. Karibu na mwaka 2000 ilifuata aina yenye risasi nzito zaidi, .376 Steyr, iliyokusudiwa wanyama wakubwa.

Mwaka 2011 kampuni ya Ruger ya Marekani iliingiza sokoni bunduki ya bei nafuu zaidi iliyoitwa Gunsite Scout, na watengenezaji wengine, wakiwemo Savage na Mossberg, nao wakatoa za kwao. Wazo lililokuwa la watu wachache likawa bidhaa ya kawaida dukani.

Hata hivyo, jambo moja linafaa kuangaliwa. Steyr na Ruger zote mbili ziliacha nafasi ya kufunga darubini ya kawaida karibu na jicho kwa mteja atakayeitaka. Wateja wengi waliitaka. Walinunua bunduki ya skauti kwa ajili ya ufupi na wepesi wake, kisha wakarudisha darubini mahali ilipozoeleka.

Sababu moja ni kwamba vioo vimebadilika tangu 1983. Siku hizi kuna darubini zinazoanza na ukuzaji wa mara 1, yaani bila kukuza, na kupanda hadi mara 4, 6 au hata 8. Katika kiwango cha chini, mwindaji hufumbua macho yote mawili na kuona kwa upana, na akihitaji kumkagua mnyama wa mbali huzungusha pete tu. Kuna pia vilengeo vya nukta nyekundu, ambavyo havina sharti la umbali wa jicho hata kidogo. Nukta huonekana popote jicho lilipo. Havikuzi, na hutegemea betri, lakini kwa kasi ya karibu hushindana vizuri na darubini ya skauti. Nafasi ambayo Cooper aliijaza kwa darubini ya mbele sasa ina washindani wawili ambao katika zama zake walikuwa wachanga au hawakuwepo.

Afrika Mashariki na mnyama wa hatari

Katika ukanda huu sheria za uwindaji hutofautiana sana kati ya jirani na jirani. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa kitalii mwaka 1977, na marufuku hiyo ingalipo. Uganda iliurejesha kwa majaribio mwaka 2001 katika maeneo yanayozunguka Hifadhi ya Ziwa Mburo. Tanzania huruhusu uwindaji wa leseni chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na mgeni huingia na bunduki yake kwa kibali cha muda.

Kwa mwindaji anayekuja na bunduki ya skauti, la kwanza kulijua ni kwamba kaliba ya .308 inawafaa swala, ngiri na wanyama wa kadiri hiyo. Haimfai nyati. Kwa wanyama wa hatari, kiwango kinachofuatwa kwa kawaida mashariki na kusini mwa Afrika huanzia kaliba ya .375, na darubini nzuri haiwezi kufidia risasi iliyo dhaifu.

La pili ni mazingira yenyewe. Uwindaji wa nyati katika misitu ya miombo hufanywa kwa miguu, kwa kufuata nyayo, na mara nyingi hufikia umbali usiozidi mita 100. Majani ni marefu, miti imesongamana, na kundi huwa na macho mengi. Hayo ni mazingira ambayo hoja za Cooper zinasikika vizuri: ukuzaji mdogo, macho mawili, uso ulio mbali na teke la bunduki kubwa. Lakini ni mazingira hayohayo ambamo nyati husimama ndani ya kivuli saa kumi na mbili asubuhi, jua likichomoza nyuma ya mwindaji. Hapo darubini ya mbele huonyesha udhaifu wake wote kwa pamoja.

Ndiyo maana wawindaji mabingwa wanaowaongoza wageni hawana jibu moja. Bunduki nzito ambayo bingwa huibeba kwa ajili ya kumfuata mnyama aliyejeruhiwa mara nyingi haina darubini kabisa. Kwa umbali wa mita 10 vilengeo vya chuma hutosha. Mgeni naye huhimizwa kutumia kifaa alichokizoea, hata kama si bora kuliko vyote.

Yanayofaa kupimwa kabla ya kuchagua

Kwa anayekusudia kujaribu darubini ya mbele, kipimo cha kwanza hakihitaji risasi. Bunduki ikiwa imekaguliwa mara mbili kuwa haina kitu, na mtutu ukielekezwa upande salama, mpigaji hukaza macho kwenye alama iliyo mbali, kisha huipandisha bunduki begani. Kama duara la darubini linaingia katika mstari wa macho bila kuinamisha wala kuinua kichwa, bunduki inamfaa. Kama analazimika kuitafuta taswira, kitako ni kirefu au kifupi kwake, au darubini imefungwa mahali pasipofaa.

Kipimo cha pili ni cha jua. Asimame jua likiwa chini nyuma yake, asubuhi au jioni, na atazame ndani ya kivuli cha mti. Atakachokiona hapo ndicho atakachokiona porini, na ni afadhali akione kabla ya kulipia leseni.

Cha tatu ni uwanja wa shabaha. Safari ya ndege na barabara za vumbi hulegeza skrubu na kuhamisha msalaba. Desturi ya kupiga risasi kadhaa kambini kabla ya siku ya kwanza ya uwindaji si adabu tu kwa mwenyeji. Ni njia ya kuhakikisha kwamba risasi ya kwanza kwa mnyama itakwenda inakotumwa.

La mwisho halihusu mahali darubini ilipofungwa. Darubini ya bunduki isitumiwe kutazamia. Mtu anayeinua bunduki ili atambue kile kinachotikisika kwenye kichaka amekwisha kuelekeza mtutu kwa kitu asichokijua, na kitu hicho kinaweza kuwa mchungaji, mrina asali au mwenzake. Kazi ya kutambua ni ya darubini ya mkononi, inayoning'inia shingoni. Bunduki huinuliwa baada ya jibu kupatikana. Cooper, aliyejulikana pia kwa kanuni zake nne za usalama wa silaha, aliweka kuwa na hakika na shabaha pamoja na kilicho nyuma yake kuwa mojawapo ya kanuni hizo. Hilo linamhusu kila mwindaji, awe na darubini karibu na jicho, mbele juu ya mtutu, au hana darubini kabisa.